Fereti anapiga chafya na macho yana tongotongo, ni mafua ya kawaida au distempa? Naombeni msaada

Nyota_ya_Jioni:

Habari zenu wakuu, naombeni msaada hasa nyie mliofuga fereti muda mrefu maana mimi bado mgeni kwenye haya mambo na hapa nilipo nina wasiwasi kwelikweli.

Nina fereti wawili, wale wanyama wadogo wembamba wa kufugwa wa ukoo wa vicheche. Jike ni mtu mzima, ana kama miaka mitano hivi, nimekaa naye muda na chanjo zake zote anazo. Dume bado kijana hajafika mwaka, nimemchukua hivi karibuni kwa mtu aliyekuwa anahama, hakuwa na kadi yoyote ya chanjo, aliniambia tu alichomwa alipokuwa mdogo basi. Sasa huyu dume kaanza kupiga chafya, mwanzo moja moja nikajua ni vumbi la matandiko, saivi anapiga mfululizo, macho yanatiririka na asubuhi anaamka na tongotongo, pua inatoa maji, analala kuliko kawaida yake na chakula anakinusa tu anaondoka. Nikimshika masikio naona ya moto.

Kinachonichanganya ni mambo mawili. Kwanza hapa nyumbani tumepitiwa na mafua karibu wote, mimi mwenyewe ndo kwanza napona. Pili mbwa wa jirani amekufa majuzi, alikuwa anakohoa, macho machafu, mwishoni akawa anatetemeka na kutafunatafuna hewa, na huyo mbwa alikuwa anakuja mpaka mlangoni kwetu. Nimesoma kwamba fereti wanapata distempa, ule ugonjwa wa virusi wa mbwa, na wakiipata hawaponi, tangu nisome hivo usingizi umekata.

Nitatofautishaje? Huyu jike yuko hatarini au chanjo yake inatosha? Na je naweza kumchoma huyu dume chanjo ya mbwa sasa hivi ili kuuwahi ugonjwa? Asanteni sana.

Babu_Kicheche:

Pole sana mkuu. Kabla hujaendelea kusoma nenda kamtenge huyo dume kwanza. Chumba kingine kabisa, sio keji mbili kwenye chumba kimoja, maana distempa na mafua vyote vinasafiri kwa matone ya chafya na kikohozi. Vyombo vyake, blanketi lake, sanduku lake la choo, vyote vibaki huko huko. Ukihudumia anza na jike ndo uende kwa dume, ukitoka kwa dume nawa kwa sabuni na ubadilishe shati ulilomkumbatia nalo.

Ukishamtenga mgeuze umwangalie sehemu tatu. Ya kwanza chini ya kidevu na kwenye kinena, unatafuta vipele vyekundu au ukurutu wa rangi ya kahawia au machungwa. Ya pili nyayo, zibonyeze na kidole, kawaida ni laini, kwenye distempa zinavimba na kuwa ngumu zenye magamba. Ya tatu ni hayo macho, je kinachotoka ni maji maji au ni usaha mzito unaogandisha kope mpaka hafungui jicho?

Ila usije ukajipa moyo kwa sababu tu leo kidevu kisafi. Distempa ina hatua zake. Mnyama akishaambukizwa zinapita siku 7 mpaka 10 hivi ndo homa inaanza na anaacha kula na macho yanaanza, halafu upele wa kidevu unakuja nyuma, kama siku ya 10 mpaka ya 15 tangu aambukizwe. Kwahiyo mwanzoni kabisa inafanana na mafua na huwezi ukaapa kwa macho. Mafua yenyewe yanakuja haraka, ndani ya siku mbili hivi tangu apigiwe chafya na binadamu mgonjwa. Chafya nyingi za mfululizo kwa mtazamo wangu zinavuta upande wa mafua, na kama nyumba nzima mmeumwa hilo lina uzito mkubwa. Lakini mbwa aliyetetemeka na kutafuna hewa nalo ni jambo zito na ndo maana nakuambia usikae nalo nyumbani.

Homa usipime kwa masikio, fereti joto lake la kawaida linacheza kati ya 37.8 na 40, kwahiyo ukimshika siku zote utaona ana joto. Daktari atapima kwa kipimajoto.

Na mpigie daktari simu KABLA hujaenda, mwambie una fereti ambaye huenda ana distempa, wakupitishie mlango mwingine au wakuhudumie nje. Ukiingia tu na kukaa kwenye benchi na watu wenye watoto wa mbwa, kama ni distempa kweli utakuwa umewaachia wenzio msiba.

Tabibu_Wanyama:

Nafanya kazi kwenye zahanati ya wanyama na fereti tunawaona, naunga mkono alichosema Babu hapo juu, naongeza machache.

Mafua yanayowapata fereti, yaani homa ya mafua (influenza), ni haya haya ya kwetu, aina A na aina B, hakuna mafua ya fereti na mafua ya watu. Tunawaambukiza na wao wanatuambukiza. Hili limejulikana zamani sana, mwaka 1933 watafiti pale London walichukua maji ya koo la mgonjwa wa mafua wakawaambukiza fereti na ndipo ikathibitika kwamba mafua ya binadamu yanaletwa na virusi, na mwaka 1936 ikaripotiwa mtafiti aliyepigiwa chafya na fereti mgonjwa akaugua naye. Na unajua kwanini kulikuwa na fereti kwenye maabara ile? Kwa sababu miaka ya 1920 walikuwa wanatafuta chanjo ya distempa ya mbwa na waligundua hakuna mnyama anayeipata distempa kirahisi kama fereti. Hayo magonjwa mawili unayoyahofia ndo hayo hayo yaliyomfanya fereti ajulikane kwa madaktari.

Kama ni mafua, fereti mzima mwenye afya anapona mwenyewe ndani ya wiki moja mpaka mbili. Anachohitaji ni maji, chakula laini na usingizi. Hatari ni bakteria kuingia juu ya mafua na kushuka kwenye mapafu, hapo utaona anapumua kwa tabu, makamasi yanageuka ya njano au kijani, hapo ndo daktari anaweza kuandika antibayotiki. Kwa virusi vyenyewe antibayotiki haifanyi kitu.

Usimpe dawa yoyote ya mafua ya watu. Nasisitiza hasa PARACETAMOL na ibuprofeni, mwili wa fereti kama wa paka hauwezi kuisafisha paracetamol, unaweza kumuua kwa dawa wakati mafua yenyewe yangepita. Hata zile siraapu za watoto zenye mchanganyiko usiguse.

Kula ni jambo la haraka kwa fereti kuliko watu wanavyodhani. Chakula kinapita tumboni mwake ndani ya masaa matatu manne tu, kwahiyo siku nzima bila kula kwake ni kitu kikubwa. Chukua chakula chake cha kawaida kiloweke kwa maji ya uvuguvugu mpaka kiwe uji, au nyama ya kuku iliyochemshwa ikasagwa laini bila chumvi wala kitunguu, mlambishe kidogo kidogo kwa kidole kila baada ya masaa machache. Pua ikiziba hasikii harufu na fereti asiposikia harufu hali, ndo maana uvuguvugu unasaidia. Ila usimpe vitu vya sukari kumtia nguvu, kongosho la fereti halipatani na sukari.

Kumthibitishia distempa kunahitaji swabu ya jicho au koo, yaani majimaji yanayopanguswa kwa pamba, ipelekwe maabara kwa kipimo cha PCR kinachotafuta vinasaba vya virusi. Mwambie daktari ukweli wote kuhusu huyo mbwa wa jirani, hiyo habari ina thamani kuliko vipimo vingi.

Kijana_wa_Mji:

Mkuu mi naona mnamtisha bure mwenzetu. Distempa si ugonjwa wa mbwa? Mi ningemchoma tu ile chanjo ya mbwa inayouzwa kila duka la dawa za mifugo, ile ya magonjwa mengi kwa pamoja, mambo yakaisha. Kuna jamaa yangu kafanya hivo na fereti wake yuko fiti mpaka leo.

Tabibu_Wanyama:

Kijana naomba nikujibu kwa upole lakini kwa uwazi, hili ni la hatari na watu wanasoma.

La kwanza, distempa jina ni la mbwa ila virusi vyenyewe havichagui mbwa peke yake. Ni ndugu wa surua ya watu. Vinaua mbwa mwitu, mbweha, rakuni, na ukoo wote wa vicheche yaani fereti, minki wale wanaofugwa kwa manyoya, nyegere na jamaa zao. Simba wa Serengeti mwaka 1994 walikufa karibu theluthi moja kwa virusi hivi hivi vya distempa. Kwa mbwa wengine wanapona, kwa fereti asiye na kinga tunahesabu karibu wote wanakufa, wengine ndani ya siku 12 mpaka 16 tangu waambukizwe, wengine wanafika siku 25 na kuanza kutetemeka na degedege.

La pili, chanjo haitibu. Mnyama ambaye ugonjwa umeshamuingia ukimchoma hujamuwahi kitu, na mnyama mwenye homa hachanjwi kwa chanjo yoyote ile.

La tatu ndo kubwa. Nyingi ya hizo chanjo za mbwa zina virusi hai vilivyopunguzwa makali. Vimepunguzwa makali KWA MBWA. Kwa mnyama mwingine makali yanaweza kurudi. Kuna aina ya fereti wa porini kule Marekani, wenye miguu myeusi, ambao walikuwa wanakaribia kuisha duniani. Mwaka 1971 walikamatwa sita kule South Dakota ili wazalishwe, wakachanjwa kwa chanjo hai iliyoonekana salama kwa fereti wa kufugwa, wanne kati ya hao sita wakafa kwa distempa iliyotoka kwenye chanjo yenyewe. Yaani waliokuwa wanajaribu kuwaokoa ndo hao hao waliowachoma chanjo iliyowaua. Baadae kundi lingine likaonekana Meeteetse kule Wyoming mwaka 1981, mwaka 1985 distempa ikaingia humo, mpaka mwaka 1987 waliobaki wakakamatwa wote na walikuwa 18 tu. Karibu fereti wote wa aina hiyo waliopo leo wanatokana na baadhi ya hao.

Sasa fereti wa kufugwa hayuko dhaifu kiasi hicho kwa chanjo hai, na zipo nchi ambako hakuna chanjo iliyosajiliwa kwa fereti na daktari anatumia ya mbwa aliyoichagua mwenyewe, ile ambayo ameona rekodi yake kwa fereti, yenye magonjwa machache ndani. Hiyo sikatai. Lakini hiyo ni daktari anachagua, anajua imekuzwa kwenye seli gani, maana chanjo iliyokuzwa kwenye seli za fereti ni mwiko kabisa kwa fereti, na anakaa na dawa ya mzio mkononi. Sio mtu anachukua chupa yoyote dukani anamdunga mnyama mgonjwa sebuleni. Huyo jamaa yako fereti wake alibahatika.

Kijana_wa_Mji:

Sawa dokta nimekuelewa, hiyo ya wale wa porini sikuwa naijua. Nafuta ushauri wangu, Nyota usinifuate.

Nyota_ya_Jioni:

Wakuu asanteni mno, nimefanya kama mlivyoelekeza. Dume yuko chumba cha nyuma peke yake. Kidevu nimekiangalia kwa tochi ni kisafi, nyayo laini, macho yanatoa maji na tongotongo laini ila anafungua vizuri. Nimempigia daktari akaniambia nimlete saa ambayo hakuna watu, wamemchukua swabu, joto lake lilikuwa juu ya 40, wakampa dripu chini ya ngozi, majibu tunasubiri. Uji wa kuku analamba kwa kidole, sio sana lakini analamba.

Sasa mtihani mpya. Jike naye kaanza kuhara, tena kuhara kwenyewe ni kijani cha kung'aa chenye utelezi mwingi, kama makamasi. Kutapika katapika mara moja. Chafya hana hata moja, macho makavu. Inawezekana ugonjwa ule ule umemshika tumboni? Nimechoka akili jamani.

Ua_la_Mwitu:

Pole dada yangu, au kaka, nisamehe sijui. Hii picha naijua kabisa. Umeleta kijana mpya nyumbani, siku chache mbele mkubwa wa zamani anaanza kuhara kijani cha utelezi. Hiyo mara nyingi sio distempa wala mafua, ni virusi vya korona vya utumbo wa fereti. Usishtuke na hilo jina, SIO korona ile iliyofunga dunia, ni ya kwao wenyewe. Iliripotiwa mara ya kwanza mwaka 1993 upande wa mashariki wa Marekani na wafugaji wa huko wakaiita ugonjwa wa ute wa kijani.

Inavyokwenda ni hivi, kijana anakuwa nayo bila dalili yoyote au kahara kidogo tu akapona, anabaki anaitoa kwenye kinyesi kwa miezi kadhaa, akikutana na fereti mkubwa ambaye hajawahi kuipata basi baada ya siku mbili tatu yule mkubwa analipuka. Karibu kila fereti anayekutana nayo kwa mara ya kwanza anaipata, wanaokufa ni wachache sana, lakini wazee inawatesa kwa sababu wanakauka maji haraka na utumbo unachelewa kupona. Wangu ilimchukua muda mrefu kinyesi kurudi sawa, ule ukijani ukaisha ikaja hatua ya kinyesi chenye chembechembe kama mtama, hiyo ni mafuta na chakula ambacho utumbo haujaweza kukimeng'enya.

Ila ukijani peke yake usiufanye ndo jibu. Fereti yeyote asiyekula, kwa sababu yoyote ile, kinyesi kinaweza kuwa kijani kwa kuwa nyongo inapita tupu. Vidonda vya tumbo navyo vipo, na kitu alichomeza kikakwama nacho kipo, fereti wanatafuna mpira na sponji. Kwahiyo na yeye apelekwe. Kabla hujaenda mvute ngozi ya juu ya mabega halafu uiachie, ikirudi polepole maji yamepungua na ni dharura, usingoje kesho. Kinyesi kikiwa cheusi kama lami hiyo ni damu imemeng'enywa, napo usingoje.

Dawa ya kuua hivyo virusi haipo, kinachomponya ni maji, dripu ikibidi, na ule uji wa nyama kidogo kidogo mara nyingi. Daktari anaweza kuongeza dawa ya kulinda utando wa tumbo.

Kuna ndugu yake mwingine wa hii korona ambaye ni mbaya zaidi, huyo anawapata zaidi vijana wa chini ya mwaka mmoja na nusu, alianza kuonekana Hispania mwaka 2004. Hakai utumboni tu, anaenda mwili mzima, mnyama anakonda, homa haishi, daktari akipapasa tumbo anakuta mavimbe. Unafanana sana na ule ugonjwa wa paka wa maji ya tumbo. Sisemi ndio wako, nakutajia tu ili huyo dume akipona mafua halafu akaendelea kukonda wiki hadi wiki ujue la kumuuliza daktari.

Mama_Wawili:

Samahani kudandia uzi wa watu. Kwahiyo na ile korona ya watu fereti hawaipati? Maana nakumbuka zile habari za minki wa Denmaki kuuliwa wote.

Babu_Kicheche:

Wanaipata dada, nisikufiche. Virusi vya uviko vinamwingia fereti na minki, wote ni ukoo mmoja na njia yao ya hewa inavipokea kirahisi. Mwaka 2020 mwezi wa nne mashamba ya minki ya Uholanzi ndo yalikuwa ya kwanza kuripoti, wafanyakazi waliwaambukiza minki na minki nao wakawarudishia watu, Denmaki mwezi wa kumi na moja wakaamua kuua minki wote wa nchi nzima, zaidi ya milioni 15. Minki wa shamba wanakaa maelfu kwa maelfu vizimba vimegusana, virusi vikiingia vinazunguka na kubadilika. Fereti wawili wa nyumbani ni hali nyingine, wengi wanaugua kidogo tu au hawaonyeshi kitu. Sheria ni ile ile, ukiwa na kikohozi au homa muache mwenzio amhudumie, kama uko peke yako vaa barakoa na usimbusu.

Kitu kinachonitia hofu zaidi siku hizi ni mafua ya ndege. Mwezi wa kumi 2022 iliingia shamba la minki kule Galicia, Hispania, na wakaua zaidi ya minki 50,000. Fereti naye ni wa ukoo huo huo, kwahiyo mnaolisha kuku mbichi au ndege wa porini, kipindi kuna habari za mafua ya ndege popote karibu yenu chemsheni nyama. Najua kuna ubishi mkubwa kati ya wanaolisha nyama mbichi na wanaolisha chakula kikavu cha dukani, mimi nimelisha mbichi miaka mingi na naipenda, lakini kwa ndege kwenye kipindi hicho sitetei.

Halafu Nyota, kwa vile umeanza kuchanganya wanyama toka nyumba tofauti, kuna kipimo kimoja ukimwona daktari kiulize. Ugonjwa wa Aleutia. Ni virusi vya jamii ya parvo, viligunduliwa kwa minki miaka ya 1950, wale wa aina iitwayo Aleutia wenye manyoya ya rangi ya bluu ya chuma walikuwa wanakufa sana ndo jina likatoka kwao. Fereti anaweza kukaa navyo miaka bila dalili huku anavitoa kwenye mkojo, mate na kinyesi. Wengine baadae wanaanza kukonda, miguu ya nyuma inalegea, figo zinaharibika, maana kinga ya mwili inatengeneza protini nyingi kupita kiasi ambazo haziviui virusi bali zinaenda kuganda kwenye viungo. Chanjo hakuna, dawa hakuna. Kipimo cha damu kipo. Mimi mgeni haingii kwangu bila hicho kipimo na bila kukaa mbali na wengine kwanza.

Tabibu_Wanyama:

Hapo Babu kagusa kitu, na usafi wake ni tofauti, watu wengi hawajui. Distempa, mafua na korona zote ni virusi vyenye ganda la mafuta, sabuni ya kawaida na maji moto vinaviua na nje ya mwili havikai sana. Aleutia haina hilo ganda, spiriti ya mikono haiifanyi chochote na inaweza kukaa muda mrefu kwenye keji na matandiko. Hiyo inataka jiki, sehemu 1 kwa sehemu 30 za maji, iachwe ikiwa imelowa dakika 10 halafu isuuzwe vizuri na kukaushwa. Na uoshe kinyesi na uchafu kwa sabuni KWANZA ndo upake jiki, juu ya uchafu jiki haifanyi kazi. Wanyama wasiwepo chumbani wakati huo, mapafu yao ni madogo. Vitu vya mbao na matandiko yaliyochakaa tupa tu.

Nyota_ya_Jioni:

Narudi na majibu. Swabu ya dume DISTEMPA HAKUNA, imeonekana homa ya mafua aina A, kwahiyo ni sisi tuliompa. Chafya zimepungua na leo kaiba soksi kaenda kuificha chini ya kabati, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuumwa. Jike daktari anaona kama alivosema Ua la Mwitu, ni korona ya utumbo, alipewa dripu na dawa ya kulinda tumbo, anakula uji lakini kinyesi bado ni cha utelezi, amekonda nikimshika naisikia mifupa ya mgongo. Namlisha hata usiku. Damu ya wote wawili imeenda kupimwa Aleutia.

Niulize la mwisho. Huyu dume kwa vile hana kadi nimhesabu kama hajawahi kuchanjwa? Na lini achanjwe, na ya kichaa cha mbwa naye anahitaji?

Ua_la_Mwitu:

Jamani nimefurahi mno kuhusu distempa. Jike usikate tamaa, huo mwendo ni wa kawaida kwa umri wake. Mpime uzito kila siku kwa mizani ya jikoni saa ile ile uandike, macho yako yatakudanganya kwa sababu unamwona kila saa. Uzito ukisimama hata kama kinyesi bado kibaya mko njia nzuri, ukiendelea kushuka rudi kwa daktari.

Tabibu_Wanyama:

Hongera kwa kumuwahi. Ndio, asiye na kadi anahesabiwa hajachanjwa, hakuna hasara kubwa kurudia ila kuna hasara kubwa kukosa. Msubirie mpaka awe amepona kabisa, anakula mwenyewe, hana homa wala chafya, na daktari amkague kwanza siku hiyo. Watoto wa fereti huanza distempa wiki ya 8, tena ya 11, tena ya 14, halafu kila mwaka. Mtu mzima asiye na historia kama wako daktari kwa kawaida anampa mbili zilizopishana wiki tatu hivi kisha kila mwaka. Kama kwenu ipo ile chanjo ya kisasa iliyotengenezwa kwa kubebeshwa kwenye virusi vya ndui ya ndege aina ya kanari, omba hiyo, ndani yake hakuna virusi vya distempa vilivyo hai kwahiyo haiwezi kugeuka ugonjwa.

Kichaa cha mbwa ndio anahitaji, kuanzia umri wa wiki 12, na ni lazima iwe ile ya virusi vilivyouawa, kisha kila mwaka. Wengi wetu hatuchomi zote mbili siku moja, tunaachanisha wiki mbili hivi, kwa sababu fereti wana tabia ya kupata mzio wa chanjo na ukichanganya hujui ipi imeleta. Baada ya sindano usiondoke, kaa pale zahanati nusu saa. Akianza kutapika, kuhara damu, pua na fizi kubadilika rangi au manyoya ya mkia kusimama kama brashi, mwite daktari hapo hapo, mzio huo unatibika vizuri sana ukiwa pale na ni mgumu sana ukiwa njiani. Akishawahi kupata mzio mwambie daktari kabla ya chanjo ya mwaka unaofuata, kuna dawa anapewa kabla, na wakati mwingine tunapima kingamwili kwenye damu kuona kama anaihitaji kweli.

Jike chanjo yake ikifika muda wake huku bado anahara isogeze mbele mpaka utumbo utulie. Na hao wawili wasikutanishwe mpaka dume amalize chafya kabisa, jike kwa hali aliyonayo sasa mafua yatamlemea. Hiyo korona ya utumbo wote wawili wameshakutana nayo kwahiyo kwa hilo hakuna sababu ya kuwatenga, lakini usilete fereti wa tatu kwa miezi kadhaa ijayo.